Kati ya Mlima na Ziwa: Jiografia, Uhamiaji na Swali la "Kwenu ni Wapi?"



Sura ya 13 ya Kitabu cha Mwanzo huwa tunaipita haraka, kwa sababu macho yetu yako kwenye ahadi anayopewa Abramu mwishoni. Lakini habari yenyewe inaanza na jambo ambalo mkulima yeyote wa Kasulu au mfugaji wa Ngara analielewa bila kufafanuliwa: mifugo imekuwa mingi, malisho hayatoshi, na wachungaji wa Abramu wanagombana na wachungaji wa Lutu. Lutu anatazama bonde la Yordani, anaona lina maji, anashuka huko. Abramu anabaki juu. Ndugu wawili wanakuwa majirani, na katika Biblia uzao wa Lutu unakuja kuitwa Moabu na Amoni, mataifa mengine kabisa. Kabla ya mfalme na kabla ya mpaka palikuwa na maji na majani.

Katika somo hili tunataka kutazama kwa jicho hilohilo nchi tatu tunazozifahamu: Burundi, Rwanda na upande wa magharibi wa Tanzania. Hatufundishi jiografia ya mtihani. Mafrateri wetu wanatumwa kwenye mwaka wa kichungaji katika parokia za Kigoma, Katavi, Tabora na Kagera, na haipiti wiki mbili kabla ya kusikia mtu akisema juu ya mwenzake, "Huyu si wa hapa." Wengi hawana la kujibu, kwa kuwa hawajui hiyo "hapa" ilipatikanaje.

Milima iliyojaa na misitu mitupu

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Rwanda ina watu milioni 13.2 katika eneo la kilomita za mraba 26,338, yaani zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba. Burundi, yenye ukubwa unaokaribiana na huo, nayo imesongamana vivyo hivyo. Mwaka huohuo sensa ya Tanzania ilihesabu watu 61,741,120, wastani wa watu kama 70 kwa kilomita ya mraba. Ukienda Katavi unakuta watu kama 25 tu. Kutoka vilima vya Burundi hadi misitu ya Katavi ni mwendo wa siku moja kwa gari, barabara ikiwa nzuri. Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo?

Jibu la kwanza ni mwinuko. Sehemu kubwa ya Burundi na Rwanda iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua zinanyesha misimu miwili, udongo ni mzuri, baridi ya milimani hupunguza malaria, na mbung'o hawastawi palipo na baridi na mashamba yaliyofyekwa. Migomba, maharage na mtama vinamtosha mtu mwenye kishamba kidogo, na samadi ya ng'ombe inarudisha rutuba. Watu wakaongezeka, kila kilima kikawa na kaya zake.

Ukishuka kuelekea mashariki na kusini unaingia kwenye miombo. Huko mvua ni ya msimu mmoja, na kwa muda mrefu mwenye mamlaka alikuwa mbung'o. Ng'ombe walikufa kwa nagana, watu wakaugua malale. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha na sehemu nyingine za magharibi, ikawakusanya katika vijiji vya kukimbia malale. Ardhi waliyoiacha ikarudi kuwa msitu, na sehemu yake baadaye ikawa pori la akiba. Kwa hiyo tukimsikia mtu akisema kwamba kule ardhi imelala kwa sababu wenyeji ni wavivu, tumkumbushe huyo mdudu mdogo.

Jiografia hiyohiyo ilizaa na utamaduni. Watu wengi wakikaa pamoja milimani, mfalme anaweza kuwafikia, kuwatoza na kuwalinda. Rwanda na Burundi kila moja ikawa na ufalme wake na lugha yake moja, inayosikika toka pembe hii hadi pembe ile. Sisi Tanzania, tuliotawanyika katika nchi pana, tukabaki na lugha zaidi ya 120, na tulipohitaji lugha ya pamoja tukaichukua ile iliyokuja na misafara kutoka pwani: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Misafara hiyo haikupanda milima ya Burundi kirahisi. Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kuingia kwa nguvu akafukuzwa na Mwezi Gisabo. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili cha Burundi kina nguvu zaidi chini, kandokando ya ziwa: Rumonge, na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura.

Ziwa lenyewe halijui mpaka. Mawese ya Kigoma ni mawese ya Rumonge. Samaki anayeitwa mgebuka Kigoma anaitwa mukeke Bujumbura, na dagaa wetu ni ndagala wao. Anayetaka kujua utamaduni wa ziwa Tanganyika aanzie jikoni.

Mstari uliochorwa mbali

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza maeneo haya yote yalikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya vita, Waingereza walichukua Tanganyika na Wabelgiji wakapewa Rwanda na Burundi. Mstari wa kugawana ulichorwa na watu waliokuwa wakifikiria reli zao. Gisaka, eneo la mashariki mwa Rwanda, liliwekwa upande wa Waingereza kwa ajili ya reli ambayo haikujengwa kamwe. Lilirudishwa Rwanda baada ya miaka michache, na mmojawapo wa waliolipigania ni Askofu Léon Classe wa Wamisionari wa Afrika. Tusimfanye shujaa mzima mzima: askofu huyohuyo ndiye aliyewashauri Wabelgiji kuwaachia Watutsi peke yao nafasi za uchifu, ushauri ambao Rwanda iliulipia kwa machozi.

Bugufi haikuwa na mtetezi wa namna hiyo. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Likabaki Tanganyika, na leo liko ndani ya Wilaya ya Ngara. Hebu tufikirie maana yake. Mzee wa Bugufi wa wakati ule hakuhama hata hatua moja. Alilala akiwa mtu wa mwami wa Burundi, akaamka ni mtu wa Tanganyika. Wajukuu zake leo ni Wahangaza, raia wa Tanzania tangu uhuru, na hakuna anayewauliza karatasi. Binamu zake waliokuwa ng'ambo ya mstari, wakivuka leo kuja kulima, wanaitwa wahamiaji. Tofauti kati yao ni kalamu ya mtu ambaye hakuwahi kufika pale.

Wataalamu wa lugha huziweka Kiha, Kihangaza, Kishubi, Kirundi na Kinyarwanda katika kundi moja. Mtu wa Kasulu na mtu wa Makamba wanaelewana bila mkalimani. Ukaribu huo ni baraka sokoni na kwenye kwaya, ila kwenye kizuizi cha barabarani unaweza kugeuka balaa, kwa kuwa mtu anapimwa kwa lafudhi. Waha wengi, wenye nchi kabisa, wameshawahi kushushwa kwenye basi wajieleze. Waseminari wanaosoma Kitabu cha Waamuzi watakumbuka sura ya 12: kwenye vivuko vya Yordani watu wa Gileadi waliwatambua Waefraimu kwa jinsi walivyoshindwa kutamka neno moja tu, shibolethi, na waliokosea waliuawa. Wote walikuwa Waisraeli. Walitenganishwa na mto na matamshi ya herufi moja.

Hatusemi hayo kama hadithi ya kale. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, Jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi, waasi waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana wale walikataa. Waliuawa 40. Walikuwa waseminari kama wasomaji wetu wengi, wenye umri wa kufanya mitihani na kucheza mpira. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka kuishi kama ndugu, na siku hiyo somo likaulizwa bila onyo.

Waliokwenda na waliokuja

Ni kosa kudhani kwamba wahamiaji ni watu wanaokuja kwetu tu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo iliyofuata mzigo wake mkubwa ulikuwa vijana wa Kiha wanaokwenda kukata mkonge Tanga. Serikali ya kikoloni iliutazama mkoa huo kama ghala la vibarua. Waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Wengine walirudi na baiskeli na Kiswahili, na wengine hawakurudi kabisa. Waha wapo Tanga hadi leo, na wajukuu zao hawajui Kiha. Wakati huohuo Warundi na Wanyarwanda walikuwa wanakwenda Uganda kwenye mashamba ya kahawa na pamba ya Buganda.

Na Kanisa letu je? Anayepita Karema, kwenye mwambao wa ziwa, ataambiwa habari za Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa katekista na tabibu, akaoa hapo, mwanawe akawa padre, na akafa mwaka 1956 bila kurudi alikozaliwa. Mgeni aliyebatiza na kutibu wenyeji! Tukiondoa wageni katika historia ya imani ya magharibi ya Tanzania, hatujui ni nani atabaki.

Kisha yakaja makundi ya wakimbizi. Wanyarwanda walianza kuvuka baada ya 1959, na wengine walipewa makazi Mwesi, kwenye milima ya Mpanda. Warundi walikimbia mauaji ya 1972, yale wanayoyaita Ikiza, wengi wakiwa wakulima kutoka kusini mwa nchi. Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wakati mwingine mlima wenyewe ndio ulioamua hali yao. Mwezi Mei 2015 Warundi maelfu kwa maelfu walifika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima mikali na ziwa, kisicho na barabara ya gari. Hapakuwa na pa kulala wala maji safi, kipindupindu kikazuka. Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa, na meli iliyofanya kazi hiyo ni Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mishamo na mjini

Wakimbizi wa 1972 ndio wanaotufundisha zaidi, kwa sababu serikali ya Tanzania haikuwaweka hemani wakingoja. Iliwapa ardhi: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na kuanzia 1978 Mishamo. Ilikuwa ni ile misitu ya mbung'o tuliyoitaja, iliyokosa watu. Watu wa milima iliyojaa wakaletwa kwenye nyika tupu, wakapewa majembe. Baada ya miaka kadhaa walikuwa wanalisha wenyeji wa miji ya jirani kwa mahindi, maharage na muhogo, na tumbaku yao ikaingia sokoni.

Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti kati ya Warundi hao, kisha mwaka 1995 akatoa kitabu chake, Purity and Exile. Alilinganisha makundi mawili: walioishi Mishamo, ndani msituni, na walioishi mjini Kigoma. Walikuwa watu walewale, waliokimbia mauaji yaleyale. Kule Mishamo, mbali na wenyeji, wakizungukwa na Warundi wenzao tu, walijiona taifa lililo uhamishoni. Historia ya mateso yao ilisimuliwa tena na tena mpaka ikawa kama maandiko, na kila jambo la siku lilipimwa kwayo. Kule mjini, waliochanganyika sokoni na misikitini na mitaani, walioana na wengine, wakajitaja kwa namna nyingi kadiri hali ilivyodai, na wengi hawakutaka kabisa kuitwa wakimbizi.

Tunaliona jambo hilo kuwa la thamani kubwa kwa uchungaji. Utamaduni ambao mtu anaonekana kuubeba damuni mara nyingi umetokana na mahali alipowekwa. Ukiwaweka watu peke yao msituni, usishangae wakijiita watu wa pekee. Walioko mjini nao walilipa gharama ya kuishi na majirani, kwani kumbukumbu za wazazi zilikuwa zinafifia. Hatuwezi kusema kirahisi kwamba hawa walifanya vema na wale vibaya. Padre anayekwenda Mishamo na padre anayekwenda parokia ya mjini wanakutana na majeraha ya aina mbili, na mahubiri ya mmoja hayatamfaa mwingine.

Mwaka 2007 serikali iliwapa hao wa 1972 nafasi ya kuchagua. Wachache, kama mtu mmoja kati ya watano, walichagua kurudi Burundi. Walio wengi waliomba uraia, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Kwanza iliamuliwa kwamba wasambazwe mikoa mingine ili wasibaki kundi moja, na vyeti vikasubiri. Miaka ilipita, watu wakiwa si Warundi tena na si Watanzania bado, wakiogopa hata kujenga nyumba ya tofali. Hatimaye mwaka 2014 vyeti vilianza kutolewa nao wakaruhusiwa kubaki walipo. Wakati huohuo Katavi ilikuwa inapokea watu wengine: wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mkoa uliokuwa na watu 564,604 mwaka 2012 ulihesabiwa 1,152,958 mwaka 2022. Ugomvi wa wachungaji wa Abramu na wa Lutu sasa unasikilizwa kwenye baraza la kijiji.

Anayekaa hapa miezi mitatu

Sasa turudi kwa frateri wetu na ile sentensi, "Huyu si wa hapa." Kwa sheria ya nchi kuna raia wa kuzaliwa, raia wa tajnisi, mkimbizi na mlowezi, na dola ina haki ya kupanga hivyo. Kosa letu ni kuubeba mpango huo kama ulivyo mpaka kwenye ofisi ya parokia.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa unamtambua muumini kwa makao. Kanuni ya 102 inasema mtu anapata makao kamili mahali kama anakusudia kukaa hapo daima, au kama amekwisha kukaa miaka 5. Na anapata makao ya muda akikusudia kukaa miezi 3, au akiwa amekwisha kukaa miezi hiyo. Kwa kanuni ya 107 makao hayo ndiyo yanayompa paroko wake. Hata yule asiye na makao popote anaye paroko: ni paroko wa mahali alipo sasa. Kabila na uraia havitajwi. Mkimbizi aliyefika Januari, Pasaka ikiangukia mwisho wa Aprili, anaadhimisha Pasaka katika parokia yake mwenyewe.

Kuna ugumu hapa, nasi tunaujua. Jumuiya ndogondogo ni nguzo ya Kanisa letu, na katika parokia nyingi mtoto habatizwi wala marehemu hazikwi na padre bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Utaratibu huu ulikuja kwa sababu njema, ili Kanisa liwe familia inayojuana. Lakini mama aliyevuka ziwa na watoto watatu, asiye na kadi ya zaka wala mtu wa kumtolea ushahidi, anaukuta kama kizuizi kingine cha barabarani. Tumeshaona mtoto akingojeshwa ubatizo kwa sababu hakuna aliyejua "jumuiya yake ya kule." Kanuni ya 529 inamtaka paroko awatafute kwa bidii ya pekee waliofukuzwa katika nchi zao. Imetumia neno la kutafuta, maana yake anayepaswa kutembea ni paroko.

Na cheti cha ubatizo kilichoungua pamoja na nyumba? Mafrateri wanatuuliza hili mara kwa mara, nasi tunawajibu kwa kanuni ya 876: kama hakuna anayedhuriwa, inatosha kauli ya shahidi mmoja asiye na shaka, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Msimwambie mtu aende Burundi akalete karatasi. Muulizeni msimamizi wake yuko wapi, bibi yake yuko wapi, nani alikuwepo siku ile. Kwa ndoa ya mtu asiye na makao popote mambo ni mazito zaidi, na kanuni ya 1071 inadai ruhusa ya Askofu mahalia. Hapo paroko aandike barua mapema, asingoje wiki ya harusi.

Mkishapata ushahidi, andikeni kwenye kitabu cha ubatizo kama kawaida: jina, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Katika vitabu vya parokia kadhaa tumekuta mtu ameongeza pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine, neno "Mrundi." Kanuni haidai neno hilo. Mtoto aliyeandikwa hivyo atakuja siku moja kuomba cheti chake ili aingie seminari.